Akriliki, Kioo au Polikaboneti: Piga Hesabu Kabla ya Kutoa Pesa

Ukishalipia fremu ya duka, ukapaka rangi na kuingiza rafu, hela inayobaki huwa ya bango. Hapo ndipo wenye maduka ya dawa, saluni na vibanda vya uwakala wa fedha wanapokutana na akriliki, ambayo mafundi wengi huiita Perspex, na swali linalowatoka kabla ya yote ni hili: bamba la milimita 3 ni shilingi ngapi? Mimi nasema swali hilo lije la tatu. La kwanza ni kitu hicho kitakaa wapi: juani au kivulini, karibu na moto au mbali nao, na kitafutwa na nani kwa dawa gani. La pili ni bamba lenyewe limetengenezwaje. Ukishayajibu hayo mawili, bei itakuwa na maana. Ukianza na bei utalinganisha vitu visivyolingana, na kile cha rahisi ndicho utakachokuja kukinunua mara mbili.

Tuanze na sifa zake. Akriliki, kwa jina la wanakemia polimethili methakrilati, ni plastiki ngumu na angavu. Bamba safi la milimita 3 hupitisha asilimia 92 ya mwanga, na kwa hilo halishindwi na kioo cha dirishani. Uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo. Chukua bamba kamili la futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440: la akriliki la milimita 3 lina kilo 10 na nusu hivi, wakati kioo cha ukubwa na unene huohuo kina kilo 22. Tofauti hiyo inaonekana kwenye nauli ya kirikuu, kwenye idadi ya vijana wa kupandisha bango ngazini, na kwenye chuma cha kulishikilia ukutani. Likigongwa huvumilia mara nyingi kuliko kioo, na likivunjika halimwagi vigae vyembamba vinavyokata kama vya kioo cha kawaida. Na jua haliliharibu upesi. Watengenezaji wakubwa hutoa dhamana ya miaka 10 kuwa bamba halitageuka njano, na kampuni ya Röhm ya Darmstadt, Ujerumani, ambayo ilisajili jina Plexiglas mwaka 1933, hutoa miaka 30 kwa baadhi ya mabamba yake angavu.

Udhaifu wake ni wa aina tatu, na kila mmoja una gharama yake: linakwaruzika kwa urahisi, halipendi joto, na linawaka moto. Nitarudi kwenye yote matatu.

Kwa bei, ukichukua unene uleule, mpangilio wa kawaida madukani ni huu: kioo cha kawaida na polistaireni huwa chini, akriliki ya kukamuliwa hufuata, akriliki ya kumimina iko juu yake, na polikaboneti nzima, ile isiyo na matundu ndani, hukaa juu kabisa. Anayeona mpangilio huo bila kujua sababu yake hudhani anapanda ngazi ya ubora, hatua kwa hatua. Sivyo. Kila moja ina kazi yake, na kulipia ya juu kwa kazi ya chini ni hasara kama zilivyo nyingine.

Tofauti kati ya kumimina na kukamua ndiyo inayofichwa zaidi, maana mabamba mawili yakiwa yamesimama ukutani dukani, macho hayawezi kuyatenganisha. Malighafi yake ni moja: majimaji yasiyo na rangi yanayoitwa methili methakrilati. Viwanda vingi duniani bado huyatengeneza kwa njia iliyokomazwa na kampuni ya ICI ya Uingereza miaka ya 1930, ambapo asetoni huunganishwa na sianidi ya hidrojeni, sumu kali, kisha tindikali ya salfa na methanoli humalizia kazi. Mwaka 2008 kampuni ya Lucite ilianzisha huko Singapore kiwanda cha njia nyingine isiyohitaji sianidi, inayoanza na ethilini, kaboni monoksidi na methanoli. Mnunuzi wa Temeke hahitaji kukariri haya. Ajue tu kwamba bei ya bamba imefungwa kwenye kemikali zinazouzwa kwa dola na kwenye nauli ya meli, mambo ambayo maduka yote ya mtaa mmoja yanayalipia sawasawa. Duka linalouza kwa nusu ya bei ya majirani zake lina kitu lililokipunguza, na kazi yako ni kukijua.

Majimaji hayo yakitiwa kichocheo na kupashwa joto, molekuli zake hushikana zikawa minyororo mirefu na yote huganda. Katika njia ya kumimina, majimaji huanza kupikwa kidogo yawe rojo, kisha rojo hiyo humiminwa katikati ya vioo viwili vikubwa vilivyotenganishwa pembezoni kwa mpira laini. Vioo hivyo huzamishwa kwenye maji ya moto au kuingizwa kwenye tanuri, vikaachwa saa nyingi. Huwezi kuharakisha. Rojo inapoganda hutoa joto lake yenyewe, na majimaji yale huchemka kwenye nyuzi 100 hivi za sentigredi. Joto likizidi, mapovu huzaliwa ndani ya bamba na hayatoki tena. Tena majimaji yanapogeuka kuwa plastiki hupungua ujazo kwa takriban asilimia 20, ndiyo maana mpira wa pembeni huwa laini, ili vioo visogeleane kadiri rojo inavyonywea. Bamba nene linaweza kukaa humo siku kadhaa. Kwa hiyo usishangae bamba la milimita 20 likikugharimu kuliko mabamba manne ya milimita 5: unalipia muda. Na ukiona mapovu madogo ndani ya bamba nene, ujue mtu alikuwa na haraka.

Njia ya kukamua huanza na punje za akriliki iliyokwisha kuganda. Huyeyushwa ndani ya mashine yenye skrubu kubwa inayozunguka, zikasukumwa kupitia mwanya bapa, zikatoka mfululizo kama tambi kwenye kinu chake, kisha rola hunyoosha bamba hadi lipoe. Kazi ni ya haraka, gharama ni ndogo, na unene hutoka sawa kutoka ncha hadi ncha. Lakini minyororo yake ni mifupi kuliko ya bamba la kumimina, na bamba hupoa likiwa na mvutano uliofungiwa ndani.

Mvutano huo ndio utakaokutana nao baadaye. Bamba la kukamuliwa likitobolewa kwa kekee ya kasi huyeyuka na kung'ang'ania ncha. Likikatwa kwa leza, likaunganishwa kwa gundi ya kuyeyusha siku hiyohiyo, pembeni huchipuka nyufa nyembamba nyingi, wakati mwingine wiki moja baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Dawa yake ni kulipumzisha bamba kwenye joto la nyuzi 80 hivi kwa saa kadhaa kabla ya kuunganisha, na si kila karakana ina tanuri la kufanya hivyo. Bamba la kumimina huvumilia zaidi. Ukilichora kwa leza, mchoro hutoka mweupe wa ukungu, unaosomeka. Lile la kukamuliwa mchoro wake hubaki angavu na hauonekani vizuri. Kwa hiyo tuzo za shule, vibao vya majina mezani, masanduku ya kuunganishwa na herufi nene, omba la kumimina na ulipie tofauti. Uso bapa wa bango, kifuniko cha fremu ya picha, kizuizi cha kaunta, chukua la kukamuliwa. Hapo hela ya ziada haikupi kitu. Kwenye karatasi za mzigo, la kumimina huandikwa cast na lingine extruded. Muuzaji asiyejua anauza lipi anaweza kukuonyesha karatasi hizo, na asipoweza, mwambie fundi achore kwa leza kwenye kipande cha pembeni, rangi ya mchoro itawajibu nyote.

Kuna jambo la unene pia. Kiwango cha kimataifa, ISO 7823, kinaruhusu bamba la kumimina linaloitwa la milimita 3 litoke popote kati ya milimita 2.3 na 3.7. La kukamuliwa la unene huo linaruhusiwa kupishana asilimia 5 tu. Maana yake, bamba la kumimina la milimita 2.3 si lazima liwe la wizi, lakini hulazimiki kulilipia kama la milimita 3.5. Fundi yeyote wa maana ana kalipa ya kupimia. Pima pembe zote nne mbele ya muuzaji. Na kama bamba litateleza ndani ya mfereji wa aluminiamu, unene unaobadilika utakusumbua kila siku, hapo la kukamuliwa ni bora hata lingekuwa na bei sawa.

Punguzo baya zaidi la bei ni polistaireni inayouzwa kwa jina la akriliki. Inang'aa vilevile ikiwa mpya, na ndiyo inayowekwa mbele ya fremu nyingi za picha za bei ya chini. Ndani ya nyumba haina ubaya. Nje, jua huigeuza njano na kuikausha mpaka inavunjika kwa kuguswa. Omba kipande kidogo cha ncha. Kigonge mezani: polistaireni hulia mlio mkali wa kibati, akriliki hulia mzito zaidi. Kikunje: polistaireni huweka alama nyeupe pale inapojikunja, kisha hukatika. Kama bado una shaka, fundi akishike kwa koleo nje ya karakana, mbali na gundi na vumbi, akichome. Polistaireni hutoa moshi mweusi wenye masizi yanayoelea hewani. Akriliki huwaka kwa mwali wa buluu wenye ncha ya njano, ikiwa na harufu tamu ya matunda. Polikaboneti hutoa moshi, lakini ukiondoa moto hujizima yenyewe.

Nifungue dirisha dogo hapa kuhusu saluni, kwa sababu ni majimaji yaleyale. Akriliki iliyokwisha kuganda vizuri ni rafiki wa mwili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia daktari wa macho Harold Ridley aliona kuwa vipande vya akriliki kutoka vioo vya ndege, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikuleta uvimbe, na Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akapandikiza lenzi ya kwanza ya akriliki ndani ya jicho la mgonjwa. Lakini majimaji kabla hayajaganda ni kitu kingine. Saluni zingine hutumia methili methakrilati kubandika kucha kwa sababu ni rahisi kuliko ethili methakrilati inayofaa. Baada ya malalamiko ya kucha kuharibika na ngozi kuwashwa, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilichukua hatua za kimahakama dhidi ya bidhaa hizo miaka ya 1970. Ikiwa harufu saluni inakukaba koo, kucha haiwezi kupigwa tupa bila kazi kubwa, na asetoni haiilainishi, umepakwa ile ya rahisi. Dada, lipa zaidi au uondoke.

Sasa bango, maana huko ndiko hela nyingi hupotea. Mshindani halisi wa akriliki hapo ni fleksi, kile kitambaa cha plastiki kinachochapishwa na kuvutwa juu ya fremu ya chuma. Kwa siku ya kwanza fleksi hushinda bei bila ubishi. Kama unapanga fremu kwa mwaka mmoja na hujui kama utabaki hapo, chukua fleksi na usione aibu. Kama una mkataba wa miaka mitano, hesabu inageuka. Fleksi hupauka, upepo huichana pindoni, na kila ukiibadilisha unalipa kuchapisha, kuivuta upya na fundi wa kupanda. Uso wa akriliki nyeupe ya maziwa, ya milimita 3, hubaki. Kinachopauka ni stika iliyobandikwa juu yake, nayo hubanduliwa ikawekwa nyingine juu ya bamba lilelile. Ndiyo maana nashauri hivi: ukiwa na hela kidogo ya kuongeza, usiipeleke kwenye unene wa bamba, ipeleke kwenye stika ya kudumu nje. Na wakati wa kubandua, fundi apashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha mabaki ya gundi yafutwe kwa mafuta ya taa na kuoshwa kwa maji ya sabuni. Petroli na tina hapana, vinalila bamba.

Jambo la pili kwenye bango ni vipimo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wateja wengi hupanga ukubwa wa bango kwa macho bila kufikiria bamba linakatwaje. Tuseme una matawi kadhaa na unataka vibango vya sentimita 90 kwa 60. Kwenye bamba la sentimita 122 kwa 244, unaweka viwili kwa urefu na viwili kwa upana, hivyo vinne, na ule ukanda wa sentimita 64 unaobaki unatoa cha tano ukikigeuza. Vitano kwa bamba moja, na kinachotupwa ni chini ya asilimia 10. Sasa ongeza sentimita 10 kila upande, uwe na vibango vya 100 kwa 70. Vigeuze unavyotaka, hutapata zaidi ya vitatu. Kibango kimeongezeka eneo kwa asilimia 30, lakini gharama ya bamba kwa kila kibango imepanda kwa theluthi mbili, na karibu asilimia 30 ya bamba inabaki vipande ambavyo karakana itavitumia kwa kazi ya mtu mwingine. Mpe fundi karatasi, mchore mikato pamoja kabla ya kukubaliana ukubwa. Vipande vinavyobaki umelipia wewe, omba uondoke navyo, vinafaa kwa vibao vya bei na vishikio vya vipeperushi.

Jambo la tatu ni joto la jua, na hili huharibu mabango mazuri kabisa. Kila mita moja ya akriliki hurefuka kama milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, karibu mara nane ya kioo. Bango la mita 2.4 lenye rangi iliyoiva, likitoka nyuzi 22 za alfajiri kufika nyuzi 60 juani saa nane mchana, hurefuka milimita 6 na zaidi. Usiku hurudi. Likiwa limekazwa kwa skrubu kwenye matundu ya kubana, halina pa kwenda: hubinuka katikati, au hupasuka kuanzia kwenye tundu. Kagua kabla ya kulipa fedha ya mwisho. Matundu yawe mapana kuliko skrubu kwa milimita kadhaa, chini ya kichwa cha skrubu kuwe na washa laini ya mpira, skrubu isikazwe mpaka mwisho, na kama bamba limeingia ndani ya fremu, kuwe na nafasi pembeni. Kwa miji ya pwani, Tanga, Mombasa, Zanzibar, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana akriliki haina shida na chumvi ya bahari lakini kutu itateremsha michirizi kwenye uso mweupe.

Baada ya bango, kitu kinachoulizwa sana ni kabati la chakula. Kabati la chipsi tusilifanyie majaribio. Ndani kuna taa ya kupasha joto, pembeni kuna karai la mafuta yanayochemka, na kila jioni mtu hulisugua kwa sabuni na pengine kwa steelwire. Akriliki inatakiwa isipitishwe nyuzi 80 katika matumizi, na karibu na nyuzi 105 hulainika. Upande uliokaribu na karai utajipinda, upande wa mteja utakuwa na mikwaruzo mpaka chipsi zionekane kwenye ukungu, na ikishika moto itasaidia moto. Hapo weka kioo, na kwa kuwa vigae ndani ya chakula ni hatari, weka kilichokomazwa kwa moto, kinachovunjika kuwa punje butu. Kumbuka tu kwamba kioo hicho hakikatwi wala kutobolewa kikishakomazwa, kwa hiyo vipimo viwe sahihi kabla ya oda. Kabati la maandazi, keki na vitumbua visivyopashwa ni habari nyingine. Hapo akriliki ni chaguo zuri: nyepesi, haivunjiki mtoto akiisukuma, na sanduku zima linaweza kuunganishwa bila fremu. Mafundi wengi huunganisha kwa klorofomu, ambayo mvuke wake ni mbaya kwa anayeuvuta. Mtake fundi afanyie kazi pahali penye hewa, nawe uliache sanduku wazi siku kadhaa kabla ya kuweka chakula.

Kuhusu moto niseme zaidi, maana unaamua suala la kuta na dari. Tarehe 2 Agosti 1973, jengo la burudani lililoitwa Summerland, mjini Douglas katika Kisiwa cha Man, liliungua, na watu 50 wakafa. Sehemu kubwa ya kuta na paa lake ilikuwa ya akriliki. Yalikuwapo makosa mengine, ya milango iliyofungwa na uokoaji uliochelewa, lakini akriliki iliwaka haraka na kudondosha matone ya moto. Uso wa bango, kizuizi cha kaunta, rafu, hivyo sina wasiwasi navyo. Kufunika ukuta wote wa ukumbi, ngazi ya kutokea au chumba kisicho na mlango wa pili, sitashauri kwa bei yoyote.

Polikaboneti inastahili bei yake pale panapopigwa. Dirisha la darasa linaloelekea uwanja wa mpira, kizuizi cha dirisha la malipo usiku, kinga ya mashine inayozunguka: hapo akriliki itapasuka siku moja, polikaboneti itabonyea. Kwenye paa la kuingiza mwanga nayo hushinda, kwa sababu fundi atatoboa, atapigilia na pengine atakanyaga. Lakini ina masharti. Bila tabaka la kinga ya jua hugeuka njano, na mabamba mengi yana tabaka hilo upande mmoja tu, ule ulioandikwa kwenye nailoni yake. Ukiufunga chini umetupa pesa. Inakwaruzika hata kuliko akriliki, na mikwaruzo yake haing'arishiki kirahisi. Leza huiunguza ikawa kahawia, hivyo herufi za mapambo za polikaboneti usiziagize. Kwa bango ambalo hakuna anayelirushia mawe, tofauti ya bei haikupi kitu.

Tangi la samaki la nyumbani, kioo. Silikoni hushika vizuri kwenye kioo na vibaya kwenye akriliki, na mchanga ukinasa kwenye sponji ya kusafishia utachora bamba. Kuta za akriliki zenye unene wa nusu mita na zaidi kwenye matangi makubwa, kama lile la Dubai Mall, ni kazi nyingine ya bajeti nyingine. Beseni la kuogea la akriliki, linalofinyangwa kwa bamba lililolainishwa na kuimarishwa nyuma kwa nyuzi za kioo, ni zuri na halina baridi ya chuma. Libonyeze katikati dukani. Likicheza, nyuma hapakuimarishwa vya kutosha.

Mikwaruzo ya akriliki ina nafuu ambayo plastiki nyingi hazina. Msasa wa maji namba 600, kisha 1000, kisha laini zaidi, ukimalizia na dawa ya kung'arishia na kitambaa laini, hurudisha uso wake. Kwa usafi wa kila siku, suuza vumbi kwanza kwa maji, ndipo ufute kwa maji ya sabuni na kitambaa cha pamba. Dawa za vioo zenye amonia, spiriti na vitakasa mikono vyenye alkoholi huleta nyufa ndogondogo; vizuizi vingi vya kaunta vilivyowekwa mwaka 2020 wakati wa korona viliharibika kwa kunyunyiziwa vitakasa hivyo kila saa. Gharama ya ndoo ya maji na sabuni ni ndogo kuliko bamba jipya, na anayefanya usafi aelezwe siku ya kwanza.

Risiti iandikwe aina ya bamba, njia ya kutengenezwa, unene uliopimwa, na kama bei ni pamoja na VAT, kukata na kufunga. Mafundi wengi hutaja bei ya bamba tupu, na kukata kwa leza huhesabiwa peke yake. Kama kuna dhamana ya rangi, iwe ya mtengenezaji, kwa maandishi. Bamba lisafirishwe limelala juu ya ubao au limesimama kwa ukingo, na lisiachwe uani limeegemea ukuta, litajipinda. Karatasi au nailoni ya kinga ibaki juu yake mpaka siku ya kufunga, ila isikae juani wiki baada ya wiki, kwa sababu gundi yake hukauka ikashikamana na bamba, na kuiondoa ni kazi ya siku nzima kwa mafuta ya taa na vidole.